Mashine ya Rangi Sita Niliyoikataa

Kikundi chetu kilipoamua kununua mashine ya kuchapisha lebo, mimi pekee ndiye niliyewahi kurudi nyumbani na wino ndani ya kucha. Wengine wote walikuwa watu wa kutengeneza vitu. Kulikuwa na mama wa mtindi, mwenye friji tatu kwenye chumba kimoja Makadara. Kulikuwa na mwanamume wa asali, na wengine wa sabuni ya maji, wa siagi ya njugu, wa mafuta ya nywele. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu kutoka magharibi mwa nchi, aliyeacha chaki akaanza kutengeneza pilipili ya chupa, na ambaye bado alizungumza kana kwamba kuna ubao nyuma yake. Sote tulimwita Mwalimu.

Mimi sikuwa mwanachama. Nilikuwa kibarua wa mama wa mtindi, kazi yangu kubandika lebo kwenye chupa kwa mkono. Alinibeba hadi mkutanoni kwa sababu siku moja nilimwambia kwa nini lebo zake zinachuja rangi ndani ya friji, na kwa nini herufi ndogo ya "e" kwenye neno "freshi" ilikuwa imejaa wino ikawa kama jicho lililofumba. Akaniuliza nimejulia wapi. Nikamwambia niliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha lebo. Hakuuliza niliondoka vipi, nami sikusema.

Shida ya kikundi ilikuwa moja. Wachapishaji wakubwa hawapendi kazi ndogo. Ukitaka lebo chache wanakuweka mwisho wa foleni, na zikija zimekosewa wanakuambia uchukue hivyo hivyo. Wa siagi ya njugu aliwahi kuletewa lebo zenye namba ya simu ya mtu mwingine, akazirekebisha kwa kalamu, moja moja, wiki nzima. Ndipo wakaanza kuchanga, na wakachanga kwa muda mrefu, hadi pesa zikatosha mashine moja. Moja tu. Wakiikosea, ya pili hakuna, na watarudi kwenye foleni wakiwa wamechekwa.

Nami nilikuwa na tamaa yangu ambayo sikumwambia mtu. Nilitaka mimi ndiye niiendeshe.

Niliacha shule darasa la saba, Dandora, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja muda wa kutosha kujua jina la mbwa wa jirani. Nimefunga biskuti. Nimeshona magodoro. Nimesuka nywele, nimepanga chupa za plastiki kwa rangi, nimeuza mitumba, nimechemsha supu. Marehemu mama yangu alikuwa akiniita mtungi wa gesi: leo kwenye nyumba hii, kesho kwenye ile. Hakuna kazi niliyoiacha kabla ya kujua inavyofanya kazi, na nikishajua, miguu inaanza kuwasha. Watu husema mtu wa namna hiyo hana msimamo. Mimi nasema mbona aliyekaa kwenye kiti kimoja miaka thelathini haulizwi ameona nini.

Lakini kwenye lebo miguu haikuwasha. Nilikaa kwenye kile kiwanda karibu miaka miwili, nikifagia na kuosha, nikiuliza maswali mpaka waendesha mashine wakawa wakiniona nikija wanajifanya wanahesabu kitu.

Mashine zenyewe zinaitwa flekso. Jina linatisha kuliko kitu. Ukiwa mtoto ukachonga kiazi, ukakichovya kwenye rangi na kukigonga kwenye karatasi, umeshafanya flekso. Tofauti ni kwamba kiazi chako sasa ni pleti laini kama mpira, imebandikwa juu ya rola, nayo karatasi inakimbia chini yake bila kusimama. Kila rangi ina kituo chake, na kila kituo kinagonga mahali pake, hadi mwishoni inatoka lebo yenye ng'ombe, majani na maneno.

Watu hutazama pleti kwa sababu ndiyo yenye picha. Mimi nilifundishwa na macho yangu kutazama rola iliyo nyuma yake, inayoipelekea wino. Inaitwa aniloksi. Kwa mbali ni chuma tu. Ukiichungulia kwa kioo cha kukuzia unaona vishimo vidogo vimejipanga kama sega la nyuki, na kila kishimo kinabeba tone lake. Kisu chembamba kinakwangua wino uliozidi, na kilichobaki vishimoni, hicho tu, ndicho kinachofika kwenye lebo. Vishimo vikiziba au vikilika, hakuna fundi wa kukusaidia, hata afunge na kukesha akiomba.

Hayo sikuyasema siku ya kwanza. Siku ya kwanza nilikaa karibu na mlango nikasikiliza.

Kulikuwa na mashine mbili za kuchagua. Moja ilikuwa kubwa, kuukuu, ya rangi sita, iliyokuwa ikiuzwa na dalali kwenye bohari huko Eneo la Viwanda. Ya pili ilikuwa ndogo, mpya, ya rangi nne, ya kuchapisha karatasi nyembamba za stika na kuzikata umbo papo hapo. Bei zilikuwa karibu sawa.

"Sita ni zaidi ya nne," Mwalimu alisema. "Hata darasa la kwanza wanajua. Na ile kubwa inakimbia mara tatu ya hii. Kwa pesa ile ile. Sioni tunachojadili."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mama wa mtindi akanigeukia, na kwa sababu alinigeukia, wote wakanigeukia.

"Mwalimu," nikasema, "lebo yako ya pilipili ina rangi ngapi?"

"Tatu."

"Ya mtindi?"

"Mbili," akasema mama wa mtindi. "Na hiyo ya pili ni ya ng'ombe tu."

"Sasa hizo nyingine zitakuwa zikifanya nini?"

"Tunanunua mashine ya kesho," Mwalimu akasema. "Si ya leo."

"Hata kesho hizo za ziada mtaziosha tu. Ile ni ya watu wanaochapisha mfuko mmoja wa mkate mwezi mzima bila kubadilisha. Sisi asubuhi ni mtindi, saa nne ni sabuni, mchana ni asali. Kila ukibadilisha unaosha, unafunga pleti upya, unapanga rangi zikutane, na wakati unapanga karatasi inapita bure. Mashine inayokimbia sana inapoteza sana kabla haijakaa sawa. Halafu ile inatumia wino wa kemikali, ule unaonuka hadi kooni na kushika moto haraka. Chumba tutakachoiweka kimepakana na deikea ya watoto wadogo."

Mwalimu alinitazama kwa upole ambao haukunipendeza. "Binti, haya umeyasomea wapi?"

Nina miaka thelathini na tisa. "Kazini," nikasema.

"Kazini kama nani?"

Nikatazama kucha zangu, na hilo likawa jibu. Wakapanga waende kuiona ile kubwa Jumamosi, wakiwa wameshaipenda. Mama wa mtindi akasema mimi nitakwenda pia, na kama hakuna nafasi ya mimi kwenda basi hata yeye hana muda.

Bohari lilikuwa refu, lenye njiwa juu ya mabati. Mashine ilisimama katikati, vituo vitatu upande huu na vitatu upande ule, vimepandana kama vitanda vya bweni. Sitasema uongo, ilikuwa na sura. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani ambayo haijakauka vizuri kwenye pembe. Dalali alikuwa mtu wa viatu vilivyochongoka na maneno laini, aliyewaita wanaume wote mzee na wanawake wote madam. Tulianza kwa maombi, kama kikundi chetu kinavyoanza kila kitu, na dalali ndiye aliyeitikia amina kwa sauti kubwa zaidi.

Kisha akaiwasha. Sakafu ikatetemeka hadi kwenye meno. Ilichapisha neno moja kubwa, jeusi, mara elfu kwa dakika ilivyoonekana, na karatasi ikaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa kasi ya kuumiza macho. Mwalimu alikuwa akitabasamu kama mtu aliyeletewa mjukuu. Mtu wa asali akasema, "Tumpigie makofi ya kilo," nao wakayapiga, moja mbili tatu, moja mbili tatu, na yule dalali akainamisha kichwa.

Mimi nilikuwa nimeshazunguka nyuma. Neno jeusi, nene, kubwa, halionyeshi kitu. Hata kiazi kingelichapisha. Nilitaka kuona vile vituo ambavyo havikuwashwa.

Kwenye kituo cha pili niliinama nikaitazama rola ya wino, na mwili wangu ukajua kabla ya kichwa. Iling'aa. Aniloksi nzima haing'ai hivyo. Huwa na ukungu, kama kioo ulichokipumulia. Hii ilikuwa na ukungu kwenye ncha mbili, na katikati mkanda wa upana wa kiganja ulikuwa unameta hadi nikaona pua yangu. Nikapitisha ukucha. Ulipita kwenye ule mkanda kama unapita kwenye sahani.

"Madam, hiyo si ya kuguswa," dalali akasema akija.

"Imesuguliwa."

"Imesafishwa. Ama mlitaka chafu?" Akawageukia wenzangu, na wakacheka.

"Imesuguliwa kwa stilwaya."

"Kwani ulikuwepo?"

"Hii sikuwepo."

Mwalimu akaja akasimama kati yetu, mikono nyuma. "Mwenendo huu wa kubahatisha hautusaidii," akasema. "Huyu bwana ana uzoefu. Wewe una nini?"

Nilikuwa na kitu. Nilikuwa nimekificha miaka minne.

Kwenye nyumba niliyokulia, mwanamke alijulikana kwa sufuria zake. Zilitundikwa ukutani kwa mstari, kubwa hadi ndogo, matako yakitazama mlango, na mgeni akiingia aone uso wake. Sufuria ikiwa na masizi, hakuulizwa mwenye kupika, aliulizwa mama yake. Nilisugua kwa majivu, kwa mchanga, na baadaye kwa ule waya wa dukani tunaouita stilwaya, hadi vidole vikatoka damu. Hivyo ndivyo nilivyojua maana ya safi: ni kung'aa.

Siku moja pale kiwandani niliambiwa nioshe rola iliyoachwa na wino ukakauka. Nikapewa dawa na brashi laini. Nilisugua kutwa na wino haukutoka wote. Brashi ile niliiona kama mchezo wa watoto. Kesho yake nikaja na stilwaya yangu kutoka nyumbani, na sabuni ya unga, nikaisugua ile rola kama nilivyofundishwa kusugua sufuria. Ikang'aa. Nikamwita msimamizi aje aone, na nilikuwa na furaha kama msichana anayesubiri kusifiwa mbele ya wageni. Alipoiona hakupiga kelele. Aliketi sakafuni. Vile vishimo vyote, vilivyochongwa na mashine nchi nyingine, nilikuwa nimevilainisha. Jioni hiyo lebo zilitoka na mkanda uliopauka katikati, kama shati lililoanikwa juani likiwa limekunjwa, na mimi nilikuwa nimeshapita getini.

Nyumbani nilisema nimechoka na kazi ile. Hakuna aliyeuliza. Mtu wa kuhamahama akihama, nani atauliza.

Hayo yote niliwaambia pale, kwenye bohari, mashine ikiwa imezimwa. Sikuyasema vizuri hivi. Niliyasema kwa kukatakata, nikimtazama Mwalimu, kwa sababu nilijua nikimtazama mama wa mtindi nitanyamaza.

Dalali alikuwa wa kwanza kucheka. "Kwa hivyo mmeleta mharibifu awachagulie mashine."

"Ndiyo," nikasema. "Niliharibu. Ndiyo maana naijua sura yake. Kuna mwingine hapa anayeijua?"

Uso wa Mwalimu ulikuwa umefungwa, na niliona kabisa kwamba tamaa yangu ya kuiendesha mashine yoyote ile ilikuwa imekufa. Ikishakufa, woga unaondoka nayo.

"Weka wino wa bluu hapa," nikamwambia dalali, nikigonga kituo cha pili. "Pleti hii iliyobaki haina maandishi, ni kipande kitupu. Chapisha bluu tupu. Na usikaze."

"Hicho kituo hakijatayarishwa."

"Kitayarishe."

"Madam, itachukua saa nzima, na wazee hawa wana shughuli zao."

Mama wa mtindi akavuta bunda la karatasi, akaketi juu yake, akapanga mkoba magotini. "Mimi sina haraka," akasema. "Mtindi unaganda bila mimi."

Mtu wa sabuni naye akaketi. Kisha wa mafuta. Mwalimu akabaki amesimama, lakini akatazama saa yake kwa namna ya kumwambia mwanafunzi anza.

Kwenye flekso pleti inatakiwa kuigusa karatasi kama unavyomgusa mtoto aliyelala kujua kama ana homa. Ikiigusa hivyo na rola ni nzima, bluu inatoka imelala sawa kama maji kwenye beseni. Dalali alipochapisha bila kukaza, bluu ilitoka pande mbili, na katikati mkanda wa upana wa kiganja ukatoka umepauka, kijivu, kama kidonda kilichopona vibaya. Bila kuambiwa, mkono wake ukaenda kwenye skrubu akakaza. Mkanda ukafifia kidogo, lakini kingo za kile kipande zikavuja, zikafanya mstari wa pili nje ya mstari, kama mdomo uliopakwa rangi na mtu asiye na kioo.

Nikaichukua ile karatasi nikampa Mwalimu. Aliisogeza karibu na mlango penye mwanga, akavaa miwani.

"Rola ni kitu cha kubadilishwa," dalali akasema.

"Unazo nyingine?" akauliza mtu wa sabuni.

"Zinaagizwa."

"Na hizi zingine?"

Tukazizunguka zote sita. Sasa kila mmoja alijua anatafuta nini, na waliinama mmoja baada ya mwingine kama watu wanaochungulia kisima. Tatu zilikuwa na mkanda ule ule. Mahali fulani, kabla ya kufika kwenye bohari lile, kulikuwa na mtu aliyelelewa kama mimi, na hakuna aliyemwambia mapema.

"Kwa hivyo," mama wa mtindi akasema akiinuka, akijipangusa sketi, "ni mashine ya rangi tatu na wageni watatu."

Hawakumpigia dalali makofi mengine. Mwalimu alimshukuru kwa Kiswahili sanifu sana, tukatoka.

Nyuma ya ule ushindi mdogo kulikuwa na kazi bado, kwa sababu kukataa mashine mbaya si kuchagua iliyo nzuri. Wiki iliyofuata tulikwenda kuona ile ya rangi nne. Ilikuwa na vituo vilivyojipanga mstari mmoja kama madawati, na ilikuwa fupi kuliko Mwalimu. Niliitazama kwa ubaya ule ule. Nilichungulia rola zote nne. Nilimwambia muuzaji achapishe kile kipande kitupu bila kukaza, akachapisha, na bluu ikalala. Kisha nikamwambia aache hiyo, aoshe, abadilishe pleti na rangi, achapishe kitu kingine, sisi tukiwa tumesimama pale. Karatasi iliyopotea hadi lebo ya kwanza nzuri tuliitandaza uani. Mwalimu akaipima kwa hatua, kichwa wima, kama anapima uwanja wa mbio. Haikufika getini.

Sikuwauzia. Niliwaambia ubaya wake pia. Ni ya polepole. Picha ya tunda yenye rangi nyingi laini haitaitoa kama ya kwenye majarida. Inatumia wino wa maji, ambao haunuki wala hauwaki, lakini Julai kukiwa baridi wino ule utakauka polepole, kwa hiari yake, na itabidi mpunguze mwendo na kuongeza joto. Lebo ya mtindi itahitaji kupakwa mng'aro juu, la sivyo itachuja tu kama zamani. Na kisu cha kukata umbo ni kimoja kwa kila umbo, nacho ni ghali, kwa hivyo kikundi kizima lazima kikubaliane maumbo mawili basi.

Hapo ndipo ugomvi wa kweli ulipotokea. Mtu wa asali alitaka lebo ya pembe sita.

"Nyuki ana pembe sita," akasema.

"Nyuki ana pembe sita wapi?" akauliza wa siagi ya njugu.

"Nyumba yake."

"Basi mpe nyuki achape."

Ilichukua mikutano miwili. Wakakubaliana mstatili na duara, naye wa asali akanuna lakini akabaki kwenye kikundi. Wakapiga kura, mikono ikainuka yote kwa ile ndogo, na Mwalimu akahesabu ingawa hakukuwa na haja.

Likabaki jambo langu.

"Mwendeshaji," Mwalimu akasoma kutoka kwenye daftari la kikundi. "Napendekeza tutangaze. Awe na cheti cha uchapishaji kutoka chuo kinachotambulika." Alinitazama, na safari hii hakukuwa na upole. Kulikuwa na haki kidogo, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Umetusaidia sana. Hilo nalisema mbele ya wote. Lakini wewe mwenyewe umetuambia ulichokifanya kwenye mashine ya watu."

Nilikuwa nimejiandaa kunyamaza. Mama wa mtindi hakuwa amejiandaa hivyo.

"Mwalimu, huyu ameshaharibu ya watu wengine," akasema. "Huyo wako wa cheti hajaharibu bado. Ataanzia na yetu."

Chumba kikaangua kicheko, hata wa asali. Mwalimu akangoja kiishe kama alivyozoea kungoja darasa.

"Na akihama?" akauliza. "Kila mtu anajua historia yake. Leo anaishi Tassia. Mwaka kesho hatujui."

"Hata mimi sijui," nikasema. "Siwezi kukuahidi kukaa, Mwalimu. Sijawahi kumwahidi mtu. Ninachojua nitamwonyesha mtu mwingine, na mwingine, kila kitu, na kwa nini. Hata lile nililoliharibu nitamwonyesha. Nikiondoka mashine haitajua kama nimeondoka. Mwenye cheti akiondoka anaondoka nacho mfukoni."

Wakapiga kura nyingine. Haikuwa mikono yote. Ilikuwa mingi kuliko nusu, na Mwalimu, ambaye mkono wake ulibaki mezani, aliihesabu mara mbili kwa uaminifu kisha akaandika. Anaandika polepole, herufi zimesimama kama watoto kwenye gwaride. Mimi nasoma hata maandishi yaliyogeuka kichwa chini. Ni ujuzi wa mtu aliyezoea kusimama upande wa pili wa meza. Aliandika: msaidizi wa mashine.

"Msaidizi wa nani?" nikauliza.

"Ni neno tu."

"Kama ni neno tu, liandike lingine."

Mtu wa sabuni akakohoa. Nilijua wanachofikiria: amepewa mkono sasa anataka bega. Wafikirie. Nimekuwa msaidizi wa watu wasiojua wanachofanya tangu nikiwa na miaka kumi na minne, na nimesimama nyuma ya mashine nikiona kosa linakuja na sina ruhusa ya kulitaja.

"Utaandika mpiga chapa," nikasema, "au utatangaza upate mwenye cheti. Nitakusalimia tu nikikutana nawe njiani, Mwalimu, sina kinyongo. Lakini msaidizi sikai."

Mwalimu alifungua kalamu yake. Kisha akalikata lile neno kwa rula, mstari mmoja safi, na juu yake akaandika mpiga chapa. Akaligeuza daftari nisome, nikasoma, nikatia sahihi.

"Mashine inaletwa Alhamisi," akasema akifunga kalamu. "Chumba kina vumbi la miaka. Lazima kifagiliwe na kuta zipakwe chokaa. Nani atafagia?"

Wote wakanitazama. Hawakuwa na ubaya. Shingo zilizoea kugeukia huko tu, hata ya mama wa mtindi. Ufagio ulikuwa umeegemea ukuta karibu na kiti changu, nami nilijua mkono wangu ulivyo mwepesi kuunyakua, kwa hivyo nikaukalia mkono.

Watoto wa deikea walikuwa wakiimba namba upande wa pili wa ukuta. Mwishowe mtu wa asali akavuta pumzi, akavua koti, akaja akaomba nisogeze miguu apate kuchukua ufagio.

Nikasogeza miguu.